Kuchora fuvu kuanzia tundu la jicho: mwongozo kamili kwa mchoraji wa Nairobi

Jumamosi asubuhi huwa nafundisha vijana kuchora katika ukumbi mdogo mtaani kwetu, Eastlands. Mgeni akija kwa mara ya kwanza namwomba achore fuvu la kichwa cha mtu bila kutazama chochote. Wengi huleta picha ileile: yai, meno yaliyosimama kama mbao za ua, na madoa mawili meusi ti mahali pa macho. Madoa hayo mawili ndiyo ninayotaka tuyafute leo, mimi na wewe.

Tundu la jicho ni chumba. Lina paa, sakafu na kuta, lina mlango mpana mbele, na nyuma lina vijia vya kupitishia neva na mishipa ya damu. Mifupa 7 imeungana kulijenga. Ukikijua chumba hiki, paji la uso, pua, shavu na panja vitajipanga vyenyewe, kwa kuwa vyote vinakizunguka. Ndiyo maana naanzia hapa, ingawa vitabu vingi vya kuchora huanza na duara la kichwa.

Mwongozo huu utakuchukua kama wiki mbili, nyingi zikiwa za kungojea mfupa ukauke. Utahitaji kichwa cha mbuzi, tochi ya simu, daftari la michoro, penseli za HB, 2B na 6B, ufutio, rula, na siku moja ya kwenda Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill.

Hatua ya kwanza: pima kwa vidole vyako mwenyewe

Nawa mikono, keti, fumba macho. Weka ncha ya kidole cha shahada kwenye kona ya jicho upande wa pua, kisha kipandishe hadi chini ya unyusi. Huo mfupa mgumu ni ukingo wa juu wa tundu. Telezesha kidole polepole kuelekea sikioni ukiubonyeza kidogo. Karibu sentimita 2.5 kutoka katikati ya uso, watu wengi hukuta pengo dogo kwenye ukingo, na ukilibonyeza unahisi maumivu ya aina yake yanayopanda kwenye paji. Hapo ndipo neva ya paji la uso inapotoka. Kwa wengine pengo hilo limezibwa na mfupa likawa kitundu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi usipolihisi.

Endelea kuzunguka. Ukingo wa nje, upande wa sikio, ndio mnene kuliko zote, na umerudi nyuma kuliko ukingo wa upande wa pua. Jitazame kwa vioo viwili utaona: ukitazamwa kwa upande, nusu ya mbele ya jicho imebaki nje ya mfupa. Sehemu ya mbele kabisa ya jicho huutangulia ukingo huo kwa kadiri ya sentimita 1.5 hadi 2. Hii ndiyo sababu mwendesha boda boda huliona gari linalomkaribia ubavuni hata kabla hajageuza kichwa. Ndiyo sababu pia uso unaotazamwa kwa upande hauwezi kuchorwa kwa kuweka jicho kwenye mstari mmoja na mzizi wa pua. Lazima lirudi nyuma.

Sasa ukingo wa chini. Shuka chini yake kwa upana wa nusu kidole hivi na ubonyeze. Kuna kitundu kingine, cha neva ya shavu na mdomo wa juu. Neva hii inapita ndani ya sakafu ya tundu kabla ya kutokea hapo, na jambo hili lina uzito nje ya michoro. Mtu akipigwa ngumi ya jicho, au mpira wa ngozi ukimgonga kwa nguvu, sakafu ile nyembamba inaweza kuvunjika hata kama ukingo umebaki mzima. Akianza kuona vitu viwiliviwili, shavu likafa ganzi, au jicho likaonekana limezama, asipenge kamasi na asingoje kesho. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Malizia kwenye kona ya ndani. Hapo kuna kishimo kidogo kilichobeba mfuko wa machozi, na mfereji unaoshuka hadi ndani ya pua. Kama uliwahi kutiwa dawa ya macho ukasikia uchungu kooni, sasa unajua ilipitia wapi.

Kishimo hicho kina siri ambayo wachoraji wengi hawajaiona. Ukingo wa tundu si duara lililofungwa. Ukiufuata ule wa juu ukishuka upande wa pua, unaishia nyuma ya kishimo cha machozi. Ukiufuata wa chini ukipanda, unaishia mbele yake. Ncha mbili zinapishana kama pindo za leso kiunoni. Ukichora kona ya ndani kwa mistari miwili inayopishana hivyo, fuvu lako litaacha kufanana na kinyago cha plastiki hapohapo.

Hatua ya pili: tafuta kichwa cha mbuzi

Tufanye kazi kwa mbuzi. Mifupa ya binadamu si ya kuchezea nyumbani. Na ukiokota fuvu la mnyama pori ukitembea huko nje ya mji, liache lilipo: Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza kumiliki sehemu za mnyama pori bila kibali, hata kama mnyama alijifia.

Kichwa cha mbuzi hakisumbui kukipata. Bucha za Kiamaiko na soko la Burma huuza vichwa na miguu kwa ajili ya supu. Nenda mapema na useme unachotaka kabla mwenye bucha hajashika shoka, kwa sababu desturi ni kupasua kichwa katikati ili bongo litoke. Mzee ninayenunua kwake ananijua siku hizi. Akiniona tu anauliza, "Mwalimu, leo nipasue au niache?" Namjibu, "Niachie kizima, mzee wangu, na pembe zake." Hakikisha mbuzi amekaguliwa na kupigwa mhuri. Kichwa kilichobabuliwa manyoya hakina tatizo, mradi moto haukuunguza mfupa kuzunguka macho.

Supu kwanza, sabuni baadaye. Chemsha kichwa kwa saa mbili au tatu, familia ile nyama na mchuzi, nawe uombe jambo moja tu: jicho ulitoe wewe. Litoe polepole kwa kijiko. Utaona limelala katika mto wa mafuta, na misuli midogo imelishika pande zote. Kwetu binadamu pia ndivyo. Tundu la mtu mzima lina ujazo wa takriban mililita 30, na jicho lenyewe halizidi mililita 7 hivi. Nafasi iliyobaki ni mafuta, misuli, neva, mishipa ya damu na tezi ya machozi. Mtu akikonda sana kwa njaa au maradhi mafuta hayo hupungua, na macho huingia ndani. Mchoraji anayetaka kuonyesha uchovu wa miaka anatakiwa kujua kwamba kinachobadilika ni kujaa kwa chumba. Mfupa uko palepale.

Baada ya kula, rudisha kichwa katika sufuria kuukuu ambayo haitapikiwa tena. Ongeza maji na kijiko cha sabuni ya unga, weka kwenye moto mdogo sana wa makaa. Maji yatoe vipovu vidogo tu, yasitokote. Fuvu langu la kwanza nililichemsha kwa moto mkali usiku kucha, na asubuhi mishono ya mifupa ilikuwa imeachana na meno yako chini ya sufuria. Badilisha maji kila baada ya saa moja na nusu. Kwangua nyama kwa kijiti cha mti na mswaki wa zamani, usitumie kisu, kwa kuwa kisu huacha mikwaruzo itakayoonekana kwenye mchoro. Ubongo utoe kupitia tundu la kisogo kwa waya uliopindwa na maji mengi. Maganda ya pembe yakilegea, yavue na uyakaushe kando.

Kisha loweka fuvu katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo kwa siku tatu hadi tano, ukiyabadilisha kila siku, hadi mafuta yaache kuelea. Mwisho, lilaze kwa siku moja katika haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, ukiwa umevaa glavu. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo usiikaribishe kabisa. Inakula mfupa, na baada ya miezi kadhaa unaanza kutoa vumbi kama chaki. Anika kivulini.

Hatua ya tatu: ingia ndani ya chumba

Zima taa usiku, shika fuvu la mbuzi, washa tochi ya simu na uielekeze ndani ya tundu la jicho, kwenye sakafu upande wa mbele. Utaona uvimbe wa mfupa mwembamba kama ganda la kitunguu. Mwanga unapita na kuufanya ung'ae rangi ya chungwa. Wanyama wanaocheua wana kibofu hiki cha mfupa, ambacho ndani yake ni hewa tu. Usikiguse kwa kucha, kitatoboka.

Sisi hatuna kibofu hicho, ila tuna wembamba huohuo. Ukuta wetu wa upande wa pua una unene wa milimita 0.2 hadi 0.4 tu katika sehemu zake dhaifu, na wanaanatomia waliupa jina la Kilatini lenye maana ya bamba la karatasi. Nyuma yake kuna vyumba vidogo vya hewa vya pua. Chini ya sakafu kuna pango jingine la hewa, ndani ya taya la juu. Juu ya paa umelala ubongo. Jicho, kwa hiyo, linaishi katika nyumba ya karatasi yenye mlango wa chuma: ukingo mnene mbele, kuta dhaifu nyuma.

Mifupa 7 ya chumba chetu ni hii. Mfupa wa paji unafanya paa. Mfupa wa shavu na bawa la sfenoidi, mfupa wenye umbo la kipepeo ulioko katikati ya kichwa, vinafanya ukuta wa nje. Taya la juu ndilo sehemu kubwa ya sakafu. Upande wa pua kuna ethmoidi, ndiyo yenye lile bamba la karatasi, na mbele yake mfupa wa machozi usiozidi ukucha wa kidole kidogo. Wa 7 ni mfupa wa kaakaa, unaochungulia kwa kipande kidogo tu kule nyuma kabisa. Kwa kuchora, vitatu vya kwanza kuvikariri ni paji, shavu na taya la juu, maana ndivyo vinavyokutana kwenye ukingo.

Sasa jaribio ninalolipenda kuliko yote. Ingiza kidole kwenye panja la mbuzi, nyuma ya ule upinde wa mfupa unaozunguka jicho. Kidole kinapita moja kwa moja na kutokea ndani ya tundu. Mbuzi ana upinde nyuma ya jicho lakini hana ukuta. Mbwa na paka hawana hata upinde kamili. Pale pana ukano tu. Kwako wewe kidole hakiwezi kupita, maana bawa la kipepeo na mfupa wa shavu vimeziba.

Faida ya ukuta huu ijaribu mara moja. Weka vidole kwenye mapanja yako utafune kama unayetafuna muwa. Msuli unaotuna chini ya vidole unafanya kazi sentimita chache kutoka kwenye jicho, na bado unaendelea kusoma maneno haya bila mistari kucheza. Nyani wote wa jamii yetu, kuanzia kima na tumbili hadi sokwe na binadamu, wana ukuta huo. Komba, yule anayelia usiku kwenye miti ya Karura, ni ndugu wa mbali: ana upinde, ukuta hana. Ukiwapanga mbwa, mbuzi, komba na kima, umeona hatua za mfupa mmoja ukijengeka, ingawa mbuzi alifika kwenye upinde kwa njia yake mwenyewe, mbali na ukoo wetu.

Kuna jambo la pili: macho yetu yametazama mbele, ya mbuzi yametazama kando. Mbuzi analinda nyuma yake akila. Sisi tumepoteza sehemu ya upeo huo tukapata uwezo wa kupima umbali kwa macho mawili. Maelezo ya zamani yalikuwa kwamba kuruka matawi kulihitaji kipimo hicho. Matt Cartmill, mwanaanthropolojia Mmarekani, katika miaka ya 1970 aliuliza swali jepesi: mbona kindi anaruka matawi siku nzima na macho yake yako kando? Yeye alipendekeza kwamba mababu wa jamii ya nyani walikuwa wakiwinda wadudu gizani kwa mikono. Mjadala haujafungwa. Keti City Park dakika ishirini uwatazame kima na kindi kwenye mti mmoja, uchore vichwa vyao kwa mbele, utaelewa swali lake kuliko nitakavyolieleza.

Hatua ya nne: siku ya Makumbusho

Hapa sisi wa Nairobi tumebarikiwa, na inaniuma kuona mtu mzima aliyeingia Makumbusho mara moja tu, kwa safari ya shule. Wachoraji wa nchi nyingine husafiri maelfu ya kilomita kuja kuona visukuku ambavyo wewe unavifikia kwa matatu.

Fika asubuhi. Uliza wahudumu kama unaweza kukaa na daftari, nao watakuonyesha mahali usipozuia njia. Nenda kwenye sehemu ya asili ya binadamu. Namba za mafuvu zisikutishe: KNM ni Makumbusho ya Kenya kwa kifupi cha Kiingereza, ER ni mashariki ya Ziwa Turkana, lililoitwa zamani Rudolf, na WT ni magharibi yake. Nyuma ya namba hizo kuna macho ya watu. KNM-ER 1470 na KNM-ER 3733 yaligunduliwa na Bernard Ngeneo, mwaka 1972 na 1975. Mvulana wa Turkana, KNM-WT 15000, alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1984 pale Nariokotome, Kamoya Kimeu alipokiona kipande kidogo cha fuvu kati ya mawe yaliyokaribia kuwa na rangi ileile.

Usisimame mbele ya fuvu. Simama ubavuni. Kisha tumia mstari ambao wanasayansi walikubaliana kuutumia huko Frankfurt katika karne ya 19: kutoka ukingo wa chini wa tundu la jicho hadi ukingo wa juu wa tundu la sikio. Mstari huo ukilala sawa, kichwa kimekaa kama cha mtu aliyesimama akitazama mbele. Kwenye ukurasa mmoja chora mistari mitatu ya namna hiyo, mmoja chini ya mwingine, tundu la jicho likianzia mahali palepale kila mara. Juu ya kila mstari chora fuvu moja kwa ubavu. Mimi huchagua haya:

Fuvu Jeusi, KNM-WT 17000, lenye umri wa karibu miaka milioni 2.5, lililogunduliwa mwaka 1985 na Alan Walker magharibi mwa Turkana. Weusi wake umetokana na madini ya manganizi yaliyoupenya mfupa ulipokuwa ardhini. Ujazo wa ubongo wake ni takriban sentimita za ujazo 410. Tazama jinsi kichwa kinavyobanwa nyuma ya macho, kama kiuno cha kibuyu. Hapo ndipo msuli mkubwa wa kutafuna ulipopita kuelekea kwenye tuta la mfupa lililoko utosini. Mashavu yametanuka kuupisha.

KNM-ER 3733, la Homo erectus, aina ya binadamu wa kale, lenye zaidi ya miaka milioni 1.5, ubongo karibu sentimita za ujazo 850. Juu ya macho kuna boriti ya mfupa, na nyuma ya boriti kuna bonde kabla ya paji kupanda. Hapa usiharakishe. Nimewahi kukaa mbele ya fuvu hili saa nzima nikichora bonde hilo tu, kwa sababu ndilo linalokuambia uso bado uko mbele ya ubongo.

La tatu ni la binadamu wa leo. Boriti imeisha au imebaki dalili tu, paji limesimama wima, na uso umerudi chini ya ubongo. Paa la tundu la jicho limekuwa sakafu ya ubongo wa mbele.

Ukiwa umemaliza, tazama nafasi iliyoko kati ya ukingo wa juu wa tundu na utosi katika michoro yote mitatu. Inapanda kama ngazi. Kuhusu kazi ya ile boriti, wataalamu wamevutana kwa miongo mingi. Mwaka 2018 watafiti walichukua kwenye kompyuta umbo la fuvu la Kabwe, lililopatikana Zambia mwaka 1921, wakaipunguza boriti yake na kuijaribu kwa nguvu za kutafuna. Kuipunguza hakukuleta tofauti kubwa, nao wakapendekeza kwamba huenda ilikuwa ishara kwa wenzao, na kwamba sisi tulipoipoteza tulipata nyusi zinazosogea. Mimi ninayechora nyuso kila juma naona wazo hilo lina uzito: nusu ya hisia ninazochora ziko kwenye kipande hicho cha ngozi.

Hatua ya tano: mchoro wenyewe

Weka fuvu lako la mbuzi, au sanamu ya plasta ya fuvu la mtu ukiipata, karibu na dirisha. Mwanga utoke upande mmoja tu.

Kwa fuvu la mtu, gawa urefu wa kichwa katikati kutoka utosini hadi kidevuni. Mstari huo unapita kwenye matundu ya macho. Weka upana wa tundu kama sentimita 4 na urefu wa wima sentimita 3.5, kwa kipimo chochote utakachochagua, na kati ya matundu mawili acha karibu sentimita 2.5. Umbo ni pembe nne zilizolainishwa, kona ya nje ikiwa imeshuka, kama miwani ya jua ya marubani. Usichore duara. Chora kwanza mistari minne iliyonyooka, kisha ulainishe kona, kisha urudi kwenye kona ya ndani na kuzipishanisha zile ncha mbili.

Sasa kina. Chumba kina umbo la piramidi iliyolala, kina chake karibu sentimita 4.5, na ncha yake haiko katikati. Ukuta wa upande wa pua unakwenda nyuma karibu moja kwa moja, huku ukuta wa nje ukija kwa mshazari wa nyuzi 45. Kwa hiyo ukitazama kwa mbele, ncha imesogea upande wa pua. Weka nukta hapo. Kutoka kwenye nukta hiyo chora mianya miwili inayofunguka kuelekea sikioni, mmoja ukipanda, mmoja ukishuka, kama herufi V iliyolala. Juu kidogo ya nukta, upande wa pua, ndipo kilipo kitundu cha duara cha neva ya kuona. Hizo ndizo sehemu nyeusi kweli. Kila kitu kingine ndani ya tundu ni kijivu cha viwango mbalimbali.

Na hapa ndipo madoa meusi yanapokufa. Mwanga ukitoka kushoto kwako, matundu mawili hayatafanana. Katika tundu la kulia, mwanga unaingia na kuugonga ukuta wa nje, ule wa mshazari, nao unaangaza kama ukuta wa nyumba jioni. Katika tundu la kushoto, ukuta huohuo wa nje uko gizani, na mwanga unapata ukanda mwembamba tu upande wa pua. Tia kijivu kwa 2B kwanza, acha ukuta ulioangaziwa karibu mweupe, halafu uje na 6B mwisho kabisa kwenye mianya na chini ya paa. Mwanafunzi wangu mmoja alifanya hivyo mwezi uliopita, akasogea nyuma hatua mbili, akanyamaza. Fuvu lake lilikuwa limeingia ndani ya karatasi.

Ukitaka mwalimu wa zamani, tafuta kwenye intaneti michoro ya mafuvu ya Leonardo da Vinci ya mwaka 1489, iliyohifadhiwa Windsor, Uingereza. Katika mmoja wao amekata nusu ya uso ili tuone pango la hewa lililo chini ya sakafu ya jicho, na nusu nyingine ameiacha nzima kando yake, chumba na ghala lake kwa mtazamo mmoja. Ninakili mchoro huo mara moja kila mwaka. Tazama pia mchoro wa Hans Holbein wa mabalozi wawili, wa 1533, ulioko London: fuvu limenyooshwa chini ya miguu yao hadi halitambuliki, na linajikusanya ukisimama karibu na ukuta upande wa kulia. Lililazwa kwa hesabu, na hesabu hiyo haiwezekani kwa mtu asiyejua matundu yanakaa wapi.

Hatua ya sita: rudisha jicho mahali pake

Hatua hii ni ya anayetaka kufika kwenye uso. Finyanga fuvu la udongo kwa vipimo vya hapo juu, ukubwa wa kweli. Tengeneza tufe mbili za udongo zenye kipenyo cha milimita 24, ambacho ndicho cha jicho la mtu mzima. Zitaonekana ndogo mno kwa tundu. Usizikuze. Zipe mto wa udongo laini nyuma, mahali pa yale mafuta uliyoyaona kwenye supu.

Wengi huliweka jicho katikati kabisa ya tundu. Vipimo vilivyofanywa kwenye maiti vimeonyesha kwamba linakaa juu kidogo na nje kidogo, karibu zaidi na paa na ukuta wa sikio. Tofauti ni ya milimita chache, lakini isogeze uone jinsi sura inavyozinduka. Kisha kope: ya juu inapita mbele ya tufe kama kitambaa juu ya chungwa, na kona ya nje inashikiliwa ndani kidogo ya ukingo wa mfupa wa shavu.

Watu wamefanya kazi hii zamani sana. Huko Yeriko, zaidi ya miaka 8,000 iliyopita, waliyatoa mafuvu ya wafu wao kaburini, wakayafinyangia nyuso kwa plasta na kuweka makombe ya baharini mahali pa macho. Kathleen Kenyon, mwanaakiolojia Mwingereza, aliyafukua mwaka 1953. Katika picha utaona kwamba aliyefinyanga hakuziba matundu kwa plasta tupu. Aliacha nafasi ya jicho, akaweka kombe, akakunja kope juu yake.

Ukimaliza, fuvu lako la mbuzi usilitupe. Meno yaliyolegea yashike kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo, rudisha maganda ya pembe, na ulihifadhi ndani ya katoni yenye gazeti lililokunjwa chini ya taya, matundu yakitazama juu ili kile kibofu cha karatasi kisibonyezwe. Andika kwenye katoni tarehe na bucha ulikolinunua. La kwangu la sasa lina miaka minne, na wanafunzi hulitoa wenyewe wakifika, wanawasha tochi kabla hawajafungua daftari.